Bei ya mtu huru: Sheria za nchi zetu na watoto wa Kasulu na Kibondo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa wilaya ya Kasulu alitujia mzee mmoja, mkulima wa maharage na kahawa, akatuomba faragha. Mapema mwaka 2023 binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alichukuliwa na shangazi yake kwenda Mwanza kujifunza ushonaji. Ni dada wa mzee mwenyewe, tumbo moja. Nauli aliilipa shangazi, na mama wa binti alifunga debe la maharage liwe zawadi ya mwenyeji. Ilipita miaka miwili na nusu. Binti alirejea na mfuko mmoja wa nguo na kovu la maji ya moto mkononi, hana cherehani, hana cheti, hana hata shilingi. Kumbe muda wote alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya watu baki, na mshahara wake ulipokewa kila mwezi na shangazi.

Mzee hakutuuliza habari za sheria. Alituuliza swali jingine, nasi tutalieleza mwishoni, kwani jibu lake halieleweki bila ya kwanza kutazama namna nchi zetu zinavyoliadhibu jambo hili na namna dini yetu inavyolitaja.

Jambo lenyewe lina jina: usafirishaji haramu wa binadamu. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria mashua za usiku na malori yaliyofunikwa maturubai. Hayo aghalabu ni magendo ya wahamiaji, ambapo mtu hulipa ili avushwe mpaka na baada ya kuvuka huachwa aende zake. Usafirishaji haramu ni kitu kingine, na waweza kufanyika bila mpaka wowote kuvukwa. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2006, inatazama mambo matatu: tendo la kumchukua, kumsafirisha au kumpokea mtu, njia iliyotumika, kama vile nguvu, hila au kutumia unyonge wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Lakini akiwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, hilo la katikati halihitajiki. Hata kama mtoto aliitikia kwa furaha na wazazi wakamwombea dua ya safari, kosa limetimia ikiwa lengo lilikuwa kumnyonya. Kwa kipimo hicho, basi la abiria linalotoka Kasulu asubuhi na tiketi halali laweza kuwa chombo cha uhalifu.

Hapa ndipo baadhi ya wazee wetu hushituka. Wanasema: je, shangazi naye? Tangu lini kumlea mtoto wa ndugu kukawa kosa? Hatusemi hivyo. Malezi ya jamaa ni katika mambo mema ya kabila la Waha na ya Uislamu pia, na watoto wengi wa nyanda hizi wamesoma kwa sababu shangazi au mjomba aliwapokea mjini. Lakini tukumbuke kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Waliomtia kisimani walikuwa ndugu zake wa baba mmoja, na msafara uliomtoa ulimficha kama bidhaa kisha akauzwa kwa dirhamu chache za kuhesabika. Undugu haukuwa kinga pale, bali ndio uliomwezesha kutolewa nyumbani kwa baba yake bila kelele.

Nchi ya Buha ina kumbukumbu yake ya mambo haya, na vijana wa leo hawaijui vya kutosha. Babu zao waliitwa manamba. Katika zama za Mwingereza wenye mashamba ya mkonge walianzisha mwaka 1944 ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na mawakala wake walipita Kasulu, Kibondo na Kigoma kukusanya vijana wenye nguvu. Waliandikishwa, wakapewa namba, wakasafirishwa hadi Morogoro na Tanga. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza fungu lako haikutiwa alama. Aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha hakuwa amevunja ahadi tu, bali alikuwa mhalifu wa kufungwa jela chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923. Angalieni jinsi mambo yalivyopangwa. Mwaka 1922 serikali ile ile ya Tanganyika ilikuwa imefuta hali ya utumwa kisheria, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kumfunga mtumishi aliyekimbia. Hatusemi manamba walikuwa watumwa. Walikuwa na mkataba na ujira, na wengi walirudi na baiskeli na mablanketi. Tunachosema ni kwamba mawakala waliwafuata hapa kwa sababu nyanda hizi zilikuwa mbali na masoko, kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwapo. Wakala wa leo naye huja kwa sababu zile zile. Hana ofisi wala mwavuli, ana simu ya mkononi na mara nyingi ana ukoo.

Sasa tuitazame dini inasemaje. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa wapo watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimlipe ujira. Tunaomba msomaji aiangalie safu hiyo. Muuza watu na mwenye kudhulumu mshahara wamesimamishwa pamoja, na mbele yao ametangulia mvunja ahadi. Shangazi wa Mwanza anaingia katika milango yote mitatu.

Wanazuoni wa fiqhi wameafikiana kuwa mtu huru si mali, kwa hiyo kumuuza ni batili tangu mwanzo na fedha iliyopatikana haina mwenyewe kihalali. Tusifiche kwamba hukumu hii ilijulikana hata wakati misafara ilipotoka Ujiji kuelekea Tabora na Bagamoyo, nayo ilivunjwa na watu waliokuwa wakisali swala tano, ambao walikuwa wakiteka watu huru vijijini na kuwaita mateka. Soko la Unguja lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alishurutishwa na Waingereza. Lau Waislamu wa pwani na wa bara wangeshika hadithi moja tu hii, isingehitajika manowari ya mtu.

Ikiwa mtu huru hana bei, basi swali la kwanza la kuiuliza sheria yoyote ni hili: je, aliyemuuza anaweza kujikomboa kwa fedha? Tulipozisoma sheria za nchi zetu kwa jicho hilo, tuliona tofauti ambazo idadi ya miaka ya kifungo peke yake haizionyeshi.

Tanzania ilitunga Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008. Kosa la kawaida liliwekewa kifungo cha miaka 2 hadi 10, au faini ya shilingi milioni 5 hadi milioni 100, au vyote viwili. Mhanga akiwa mtoto, kifungo kilikuwa miaka 10 hadi 20, au faini ya milioni 5 hadi milioni 150, au vyote viwili. Neno zito hapo ni dogo: "au". Kwa neno hilo, mtu aliyewapeleka mabinti kumi mijini na kula mishahara yao aliweza kuhukumiwa, akalipa milioni 5 na kurudi nyumbani kwake kwa futari. Mfanyabiashara huita gharama ya namna hiyo ushuru. Ilichukua hadi mwaka 2022 ndipo Bunge lilipoirekebisha sheria hiyo na kuiondoa nafasi ya kulipa faini badala ya kwenda jela. Kwa maoni yetu, hayo ndiyo marekebisho makubwa kuliko yote iliyopata kufanyiwa, japokuwa hayakusherehekewa popote.

Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2010, inatisha zaidi masikioni. Kifungo ni kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi za Kenya milioni 30, au vyote, na anayerudia kosa hufungwa maisha. Lakini "au" ile ile imo. Fedha ni nyingi, ni kweli, na maskini hawezi kuilipa, ila mtandao wenye mawakala katika nchi tatu si maskini. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2009, iliweka kifungo hadi miaka 15, na mhanga akiwa mtoto adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha, na katika sura mbaya zaidi hata kifo. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka miaka 10 hadi 15 pamoja na faini, na mhanga akivushwa mpaka kifungo hupanda hadi miaka 20 mpaka 25. Burundi, ambayo vilima vyake mtu wa Kibondo huviona akiwa shambani kwake, ilitunga sheria yake Oktoba 2014: miaka 5 hadi 10 kwa mhanga mtu mzima, miaka 10 hadi 15 akiwa mtoto, na faini juu yake. Hapo faini haiji badala ya jela bali huifuata.

Tungependa kuishia hapo na kuisifu Bujumbura na Kigali. Lakini sheria nzuri iliyomo kitabuni haimfungi mtu mpaka atokee shahidi, na shahidi wa kesi hizi ni mhanga mwenyewe. Hapo tunapata swali la pili: mhanga akijitokeza, sheria itampokea kama nani?

Twendeni Kibondo. Kwa kivuko cha Mabamba na kwa njia za miguu zisizo na jina, vijana wa Kirundi huingia majira ya kilimo kutafuta vibarua. Kirundi na Kiha ni lugha zinazosikilizana, kwa hiyo kijana hapati taabu ya kueleweka. Hana kibali. Wengine walikuwa wakimbizi walioandikishwa Nduta, kambi iliyofunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko kwao, au Nyarugusu ya Kasulu iliyoanza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, nao walitoka kambini bila ruhusa kwa sababu posho haikutosha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Mkulima humwambia kijana: lima, utalipwa mavuno yakitoka. Kijana hulima, hupalilia, huvuna, hupura maharage. Siku ya hesabu ikifika mkulima humwambia kwa upole kuwa amesikia maofisa wa uhamiaji wanapita kijijini. Kijana huondoka usiku ule ule.

Tumezisikia habari hizi mara nyingi, na msomaji atuwie radhi tukisema kuwa baadhi ya wakulima hao huswali safu ya mbele. Kitisho chao kina nguvu kwa sababu ni cha kweli. Kijana akienda kushitaki, jambo la kwanza analoonekana nalo ni kosa lake la kukosa kibali, na la mkulima huja baadaye kama litakuja.

Sheria ya Kenya imelishughulikia jambo hili waziwazi. Kifungu chake cha 14 kinasema kwa maana yake kuwa mhanga wa usafirishaji haramu hatashitakiwa kwa kuwamo nchini isivyo halali, wala kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Ikaanzishwa pia mfuko wa kuwasaidia wahanga. Kwa hiyo Kenya, tuliyoilaumu kwa faini, hapa imetutangulia kwa uwazi wa maneno.

Wala wazo hili si geni kwetu. Katika Suratun Nur, aya ya 33, Allah amekataza kuwalazimisha wasichana kufanya uchafu kwa kutafuta pato la dunia. Wafasiri wametaja kuwa ilishuka kwa sababu ya Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina, aliyewatuma vijakazi wake kwa biashara hiyo. Mwisho wa aya unataja msamaha na rehema baada ya kulazimishwa kule, na wafasiri wengi wamefafanua kuwa msamaha huo ni wa wale wasichana, si wa aliyewalazimisha. Yaani karne 14 zilizopita mhanga alikwisha tengwa na mhalifu. Aliyetumikishwa haulizwi kwanza dhambi yake.

Ama kuhusu nchi za Ghuba, tutasema machache, ingawa mabinti wa Kitanzania wanaokwenda huko ni wengi na wa Kigoma wamo. Oman ilitoa sheria ya kupambana na biashara hii mwaka 2008, kifungo cha miaka 3 hadi 7 pamoja na faini, na zaidi ya hapo mhanga akiwa mtoto. Saudia ilifuata mwaka 2009 kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 15. Karatasi hizo hazina kasoro kubwa. Kasoro ilikuwa kando yake, katika utaratibu wa kafala unaomfunga mtumishi kwa mdhamini wake. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, nao walieleza kunyang'anywa pasi, kunyimwa mishahara na kufanyishwa kazi usiku na mchana. Mtumishi akikimbia nyumba aliitwa mtoro, naye ndiye aliyetafutwa. Manamba wa mkonge angelifahamu neno hilo. Na mshahara uliodhulumiwa ukahesabiwa mgogoro wa kazi, jambo la kusuluhishwa ofisini, ilhali hadithi tuliyoitaja imeuweka bega kwa bega na kuuza mtu. Waliofanya hayo ni Waislamu na katika nyumba zao mna misahafu. Tumeona ni vyema tuseme.

Turudi kwa mzee wetu wa Kasulu. Alipomaliza kisa chake alisema kuwa ukoo umekaa kikao. Shangazi amekiri, amelia, na ameahidi kutoa shilingi laki tano na mbuzi mmoja, kwa sharti kuwa habari hii isifike serikalini na isizungumzwe tena. Wazee wa ukoo wameridhia, wakasema kuwa sulhu ni kheri. Mzee akatuuliza: "Sheikh, nikizipokea hizo, nitakuwa nimepokea nini?"

Tulinyamaza kidogo, kwani hatukuwa tumeulizwa swali zuri kama hilo kwa muda mrefu.

Tulimwambia: mzee wangu, hapa pana vitu viwili vimefungwa kwenye kitambaa kimoja, tuvifungue. Kuna ujira wa binti. Huo ni haki yake yeye, si yako wala si ya ukoo. Tulichukua karatasi tukahesabu naye. Kima cha chini kilichowekwa kuanzia Januari 2023 kwa mtumishi anayelala nyumbani kwa mwajiri kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi 30 ni shilingi 1,800,000. Hizo zipokelewe kwa niaba yake, ziandikwe kwa jina lake, na laki tano haizifikii hata theluthi. Kuna na kitu cha pili, nacho ni kunyamaza. Sulhu baina ya Waislamu inajuzu, ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali, hivyo ndivyo ilivyopokewa na Tirmidhi. Fedha inayotolewa ili aliyemuuza mtoto wa watu asiulizwe, na kesho amchukue mwingine kutoka kijiji cha pili, hatukuona jina la kuipa isipokuwa thamani. Ukiichukua hiyo, nawe utakuwa umepokea sehemu ya bei ya mwanao.

Akatuuliza kama haitakuwa kukata undugu kumshitaki dada yake. Tulimjibu kuwa undugu ulikatwa siku ile shangazi alipopokea mshahara wa kwanza na kuuweka mfukoni mwake, na kwamba bado anaweza kumpelekea dada yake chakula akiwa mahabusu, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) hajalikataza. Tukamweleza pia kuwa mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule, kwa hiyo wakili wa shangazi huenda akajificha nyuma ya umri huo. Ndiyo maana kovu la mkononi, ahadi ya cherehani na mishahara iliyopokewa na mtu mwingine ni mambo ya kuandikwa mapema, kabla ukoo haujawashauri mashahidi wasahau.

Jumatatu yake mzee alikwenda na binti yake kwenye dawati la jinsia na watoto, polisi, akiwa na karatasi yetu ya hesabu mfukoni. Mama yake binti aliwafuata akiwa na kanga ambayo binti alirudi nayo, kwa sababu ilikuwa na madoa ya damu ya siku ile ya maji ya moto. Maelezo yalichukua muda mrefu, na binti, kwa alivyotusimulia mzee, alizungumza kwa sauti ndogo lakini hakusita ila palipotajwa jina la shangazi.

Jioni ile ile shangazi alipiga simu kutoka Mwanza. Alikuwa ameongeza hadi laki nane.

Wabillahi tawfiq.